Sahani ya Mgeni

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundishwa kutilia shaka kila kitu, na bado jioni ile sijaweza kuitilia shaka.

Enzi za Ujamaa nilitoka Bujumbura kwenda kusoma Dar es Salaam, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilipangiwa kukaa Temeke kwa Mzee Athumani, mchonga vinyago kutoka Kusini, na mkewe Mama Salima. Walinipokea kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniumiza. Wao na watoto wao walikula sinia moja uani, wakitaniana kwa Kimakonde. Mimi niliandaliwa sebuleni, sahani yangu peke yangu, yenye minofu, kwa kuwa mgeni hachanganywi na watoto. Ningelalamikaje? Nyumbani waliniita Kasuku kwa wingi wa maneno. Temeke siku ilikwisha sijasema zaidi ya shikamoo na asante.

Mama Salima alinionya jambo moja tu: hodi ikibishwa magharibi, nisiseme karibu kabla sijaona uso. Niliona ni ukosefu wa adabu. Kwetu mgeni hasimamishwi nje.

Jioni moja wote walikwenda mkutanoni kwa balozi wa nyumba kumi, nami nikabaki. Giza lilipoanza kuingia, hodi ikabishwa. Sauti ilikuwa ya dada yangu Zaina, niliyemwacha Bujumbura. Nikasema karibu.

Akaingia, akaketi pale ambapo mwanga wa kibatari haukufika, khanga imemfunika hadi usoni. Niamini, sikujiuliza amevukaje ziwa na kupanda treni bila hata mzigo. Aliniita Kasuku. Nani Dar es Salaam alilijua jina hilo? Nikammwagia yote yaliyokuwa moyoni. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Umeshakula nao sinia moja?"

Nikamwambia bado.

"Basi hawajakuchukua. Vaa viatu, Kasuku, twende."

Nilivaa. Nilivaa kwa furaha, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Tulikuwa tumefika kizingitini, yeye mbele mimi nyuma, Mama Salima, aliyetangulia kurudi mkutanoni, alipotokea kwa mlango wa uani. Nilitaka kumtambulisha dada yangu. Hakungoja. Alimega ugali uliobaki kwenye sinia la wanawe, akanitia mdomoni kwa mkono wake.

"Meza, mwanangu."

Kisha akamgeukia yule, akasema bila kupaza sauti, "Huyu wa hapa. Amekula kwetu."

Nilipomeza, kizingitini hapakuwa na mtu.

Mzee Athumani aliporudi na kuelezwa, alinishika mkono akanipeleka uani kwa watoto. "Haya, mgeni," akasema, "heshima yako imekwisha. Kesho utagombania mboga na hawa." Watoto wakacheka. Nami nikacheka, machozi yakinitoka.

Siku hizi nimerudi Bujumbura. Dada Zaina, huyu wa kweli, huniletea chakula magharibi na kubisha hodi. Mimi hunyamaza hadi asogeze uso dirishani. Husema Dar walinifundisha kiburi. Sijawahi kumweleza.

Nawe ukipokea mtoto wa watu kutoka mbali, usimheshimu kwa sahani ya peke yake muda mrefu. Msogezee sinia mapema. Yupo anayepita nje, anayetaka kujua kama ameshakula nanyi.