Maua Aliyoyanyoosha Bi Mwanakheri

Huyu ni Mwanakheri binti Jecha bin Hamad bin Nahodha, mzaliwa wa Mkunazini, mtoto wa Jecha mshona majoho aliyewavisha makadhi, mjukuu wa Bibi Shemsa aliyekuwa akishona kofia huku ananyonyesha, asikose tobo hata moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyechora kofia za mabwana harusi kutoka Malindi mpaka Matemwe. Ndiye aliyemnyang'anya kofia mtu mzito wa mjini aliyekuja kuinunua akaijaribu kinyume, akamwambia akajifunze kuvaa kwanza, pesa zake zitamngoja. Ndiye aliyewashikisha sindano wasichana wa mitaa yote ya jirani, na kila aliyefunzwa naye ana kovu dogo kidoleni na hofu kubwa moyoni.

Kofia ya mkono haianzi na sindano, huanza na mchoro. Mchoraji hupanga vitobo kwenye karatasi, kitobo kando ya kitobo, mpaka vinakuwa ua, na maua yanazunguka kichwa kizima. Mchoro ukishahamishiwa kwenye kitambaa, ndipo washonaji wanapokaa nao kwa miezi, wakizungusha uzi kila tobo. Mchoro ukiwa mbaya, uzuri wa ushonaji hauwezi kuuokoa. Kwa hivyo nyumba ya Bi Mwanakheri ilikuwa na sheria yake: mchoro wa mwanafunzi haugusi kitambaa mpaka fundi mkuu aunyooshe. Alikuwa akiupitia tobo kwa tobo, lililokaa vibaya akalifuta na kulichora upya juu yake. Kunyooshewa na Bi Mwanakheri ilikuwa ni aibu na heshima kwa pamoja.

Aliyenyooshewa zaidi ya wote ni Nadra, binti yake wa pekee. Toka yuko skuli alikuwa anachora, na toka hapo mama yake alikuwa na neno moja.

"Maua yako yanalala, Nadra."

"Yamechoka, mama. Unayafanyisha kazi mno."

"Ua lililolala halimpendezi bwana harusi. Lete nikunyooshee."

Nadra alikuwa akicheka na kutoa karatasi. Macho ya mama yalipoanza kuingia ukungu, ni yeye aliyeleta laptop nyumbani. Kioo cha laptop yenyewe kilikuwa kishapasuka, hakioneshi kitu, basi akatafuta skrini kubwa pana iliyouzwa na hoteli moja ya shamba ilipobadilisha vyombo vyake, akaiunganisha kwa waya, akamkalisha mama yake mbele yake.

"Mama, hiyo maosi usiikamate kama unakuna nazi. Ishike taratibu."

"Nshaishika taratibu. Yeye ndiye anakimbia."

Lakini alijifunza. Haukupita mwaka Bi Mwanakheri alikuwa anachora kwenye skrini, anakuza ua moja mpaka linamjaa machoni, na anajisifu kwa majirani kwamba ujana umemrudia.

Kisha Nadra akaugua. Yalikuwa maradhi ya damu, yakamla taratibu, mashavu yakaingia ndani na mikono ikawa vijiti. Kaka yake, Hamid, alikuwa ameshachumbia, mchumba ni Amne wa Chukwani, naye ni mshonaji wa nyumba ile ile. Nadra akasema kofia ya nikaha ya Hamid ataichora yeye. Wakamsogezea meza kitandani, akachora asumini, siku akipata nguvu anaongeza ua, siku akikosa anaitazama tu. Alipomaliza akamwita mama yake.

"Mara hii niachie, mama. Usininyooshe."

"Yakiwa yamekaa sawa ntakuachia."

"Yamekaa sawa."

"Ntaona mwenyewe," alisema Bi Mwanakheri, na wakacheka wote wawili. Hakuuangalia mchoro siku ile. Alidhani wakati upo.

Nadra alizikwa kabla ya Ramadhani. Laptop ikafunikwa kanga na hapana aliyeigusa mpaka baada ya Idi, watu walipoanza kutaja tarehe ya nikaha na Bi Mwanakheri akasema kofia lazima itoke. Alitaka kitu kimoja tu: Hamid akikaa mbele ya kadhi, mkono wa dada yake uwe kichwani mwake. Maneno hayo aliyasema kwa kila aliyekuja kumpa pole, kama mtu anayeweka nadhiri.

Hamid akaiwasha laptop, akaiunganisha na mtandao, akaenda kazini. Mashine ile ilikuwa imelala miezi, na mara ikaanza kujisasisha yenyewe. Kiduara kikazunguka, skrini ikawa nyeusi, ikarudi, ikawa nyeusi tena. Ilipotulia, Bi Mwanakheri akaona herufi zimenenepa. Alifurahi, maana alizisoma bila ya kusogea. Halafu akaona picha.

Ilikuwa ni picha ya Nadra, aliyojipiga na kuiweka mwenyewe pale mbele siku za mwisho wa maradhi yake. Bi Mwanakheri alikuwa akiogopa kuiona. Lakini Nadra aliyekuwa akimtazama sasa alikuwa na mashavu. Uso umejaa, mabega yamejaa, kama alivyokuwa kabla ya kuugua. Bi Mwanakheri akaita.

"Amne! Njoo utazame wifi yako. Kumbe hakukonda vile. Ni mimi niliyemuona vibaya kwa majonzi."

Amne alikuja, akatazama. Akasema, "Naam, mama," akarudi kwenye kitambaa chake.

Kisha Bi Mwanakheri akaufungua mchoro wa asumini, na moyo ukamshuka. Maua yote yamelala. Yamebinywa juu na chini na kutanuka ubavuni kama mbegu za boga. Akatazama kwa muda mrefu.

"Masikini mwanangu," alisema. "Maradhi yalikuwa yashamkamata mkono."

Akamhurumia, na kwa huruma ile ile akaanza kumnyoosha. Kila siku baada ya alasiri alikaa pale mpaka adhana ya magharibi, akivuta tobo moja ndani, tobo moja juu, ua baada ya ua, huku anazungumza naye. Hili ulilichora siku ile ya homa. Hili ulichoka, unaona hapa? Majani mengine yalikuwa yameinama kidogo upande, nayo akayasimamisha. Kila alipomaliza alihifadhi pale pale, juu ya ule mchoro wa kwanza, kama alivyokuwa akifuta na kuchora juu ya karatasi maisha yake yote. Alijiona anamtimizia mwanawe kazi ya mwisho ambayo mama anaweza kumfanyia mtoto aliyekwishaondoka. Alipomaliza ua la mwisho alisoma Fatiha, akampa Amne flashi aende kuchapisha.

Amne alirudi na karatasi, uso umembadilika. Kwenye karatasi maua yalikuwa membamba, yamesimama kama punje za mchele.

Bi Mwanakheri aliichukua karatasi. Alivaa buibui akashuka ngazi, moja kwa moja mpaka kwenye duka la Fayaz mwana wa Bahadurali, fundi wa kompyuta na mchapishaji wa mtaa.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, na printa yako mbovu! Bibi yako alikuwa anauza vitambaa vya haki, anapima na anaongeza kidole. Wewe umeniletea nini hichi? Hii kofia au gunia la mchele?"

"Printa haina kosa, Bi. Tazama." Fayaz akamchapishia duara, likatoka duara. "Twende nikaione skrini."

"Skrini yangu nzima. Sasa hivi ndiyo inaonesha vizuri kuliko siku zote."

Hata hivyo walikwenda. Fayaz alikaa kwenye kiti, na jambo la kwanza aliloliona lilikuwa ile picha. Alikuwa amesoma darasa moja na Nadra, na alikwenda kumtazama alipokuwa mgonjwa.

"Bi Mwanakheri, hii picha imevutwa."

"Imevutwa vipi?"

"Laptop imejisasisha. Ndani yake mna kiprogramu, sisi tunakiita draiva, ndicho kinachosemezana na skrini. Kile chake kimeondoka kikaja cha kubahatisha, na hichi hakiijui skrini yako. Kinadhani ni zile za zamani za karibu mraba. Kinatoa picha nyembamba, skrini inaitanua ijae upana wote. Kila kitu kinalala."

Bi Mwanakheri aliigeukia ile picha.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, Bi."

Fayaz alianza kazi. Akafungua orodha ya vipimo vya skrini, kipimo cha haki hakimo. Akabadilisha waya, bado. Akajaribu kuirudisha draiva ya awali, mashine ikakataa. Mwisho akatumia mtandao wa simu yake kuishusha draiva ya laptop ile ile kutoka kwa watengenezaji, akaiweka, na skrini ikawa nyeusi. Bi Mwanakheri alikuwa amesimama nyuma yake. Ilipowaka, Fayaz akakichagua kipimo chake.

Na Nadra akakonda. Mbele ya macho ya mama yake, mashavu yale yaliyojaa yakaingia ndani, shingo ikawa nyembamba, macho yakawa makubwa katika uso mdogo. Bi Mwanakheri alimuona mwanawe anarudi kwenye maradhi kwa mara ya pili, na safari hii kwa mpigo mmoja. Hakulia. Alisema tu, "Basi ndivyo alivyokuwa."

"Herufi zikikupa tabu ntazikuza peke yake," alisema Fayaz kwa upole. "Kuna pahala pake. Umbo la skrini hatuligusi."

"Fungua kofia."

Akaufungua mchoro. Maua yalisimama membamba kama kwenye karatasi. Hapo ndipo jambo zima lilipomkalia Bi Mwanakheri. Yale maua hayakulala hata siku moja. Skrini ndiyo iliyoyalaza, na yeye akamnyoosha mtu aliyekuwa amenyooka.

"Nionyeshe alichochora yeye. Kabla yangu."

Fayaz alitafuta. Alitafuta ndani ya mashine, kwenye flashi, kwenye simu ya Nadra aliyoileta Hamid kutoka kabatini, kila pahala ambapo nakala ingeweza kujificha. Haikuwepo. Nadra alikuwa na mchoro mmoja, na Bi Mwanakheri alihifadhi juu yake.

"Naweza kuyavuta ubavuni," alisema mwisho. "Yatarudi duara."

Akayavuta. Yakawa duara kweli, safi, yamepangika sawasawa kichwa kizima. Mtu mwengine angeshukuru. Bi Mwanakheri aliinama mpaka pua karibu iguse skrini, akapita ua baada ya ua, akatafuta jani moja lililoinama.

"Haya yangu," alisema. "Kila tobo nnalijua. Huyu ni mimi. Yeye hayumo."

Fayaz aliaga, akakataa hata kikombe cha chai. Bi Mwanakheri na Amne wakabaki.

"Wewe uliiona," Bi Mwanakheri alisema bila ya kugeuka. "Alikuonesha, au sivyo?"

"Alinionesha, mama."

"Ilikuwaje?"

Amne alichora kiduara hewani kwa kidole. "Duara. Lakini si duara la kipimo. Kila ua lilikuwa na jani moja limeinama kidogo, kama limepitiwa na upepo. Alisema alifanya kusudi."

"Na ulinitazama nnayanyoosha."

"Nlikutazama."

"Kwa nini hukunambia?"

"Nkwambie wewe, mama?" Machozi yalikuwa yashamtoka Amne, lakini sauti ilikuwa na kicheko ndani yake, kicheko cha mtu aliyekata tamaa. "Sheikh alikuja kusoma hitma ukamuinua kofia kichwani ukamuweka sawa, na watu wote wanatazama. Mimi nani? Nkadhani skrini ndiyo inajua. Nkadhani labda nlikumbuka vibaya."

 Bi Mwanakheri alifikiri juu ya wasichana wote waliokaa chumba kile, karatasi zote alizozichukua mikononi mwao. Alifikiri juu ya Nadra amelala pale, akisema yamekaa sawa. Na yalikuwa yamekaa sawa. Angeweza kuuangalia siku ile ile, hatua chache kutoka mlangoni, mwanawe yu hai, amuone mama yake anavyoshangaa. Angemwambia, nimekuachia. Ni neno ambalo Nadra alilingoja toka yuko skuli, na sasa halina wa kufikishiwa.

Alikaa chini kwenye mkeka, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya maziko. Amne alikaa kando yake, hakumgusa, maana hakujua kama anaruhusiwa. Mwisho Bi Mwanakheri mwenyewe alimshika mkono.

"Nikaha haitangoja," alisema. "Na kofia yangu mimi Hamid haivai. Utamchorea wewe."

"Mimi? Mama, mimi mshonaji. Sijapata kuchora kofia nzima."

"Uliiona na mimi sikuiona. Aliyeiona ni wewe tu."

"Siikumbuki yote. Nkichora itakuwa nusu yake, nusu yangu."

"Na iwe hivyo."

"Nkikosea?"

"Hamid ataivaa imekosewa." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Lakini nisikilize, Amne. Usiniletee. Nikikuita nikasema hebu nione, usiniletee. Nikigomba, usiniletee. Itie kitambaani, ishone, mvishe mume wako, ndipo mimi niione, kichwani mwake, pamoja na watu wote."

"Utaweza, mama?"

"Sijui," alisema Bi Mwanakheri. Akainuka kwa kushika meza, akakivuta kile kiti cha mbele ya skrini, akakigeuzia upande wa Amne. "Kaa. Anza na jani lililoinama."