Kipa wa Ukungu

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Eva Lohay ni namna anavyosimama. Hata akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, magoti yake huwa yamekunjwa kidogo, mikono haina mzigo, na macho yanatazama mbele kana kwamba kuna kitu kitarushwa upande wake wakati wowote. Wageni hudhani ana wasiwasi. Watu wa mtelemko huu wa mlima Oldeani wanajua kuwa ni ukipa tu uliokataa kumtoka mwilini.

Alikuwa kipa kwelikweli. Alipokuwa sekondari, watu walishuka mpaka Karatu kumwona akidaka. Akaitwa kwenye kambi ya timu ya taifa ya wasichana, na mama yake, Leonida, akakitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe atapanda ndege. Wiki ileile bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye tope la njia ya mashamba ya kahawa. Mfupa wa mkono aliovunjika uliunga, lakini kiganja cha kulia hakikukunjika tena kwenda nyuma. Kambi ikaanza bila yeye.

Alipata kibarua kwenye kitalu cha miche ya kahawa. Alimwagilia na kung'oa magugu. Glovu zake zilining'inia nyuma ya mlango, na Leonida akajifunza kupangusa vumbi kuzizunguka bila kuzigusa.

Asubuhi moja ya kiangazi Eva alifika kitaluni wa kwanza. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba miche ya mbali haikuonekana. Chini ya neti nyeusi ya kivuli alikuta ndoo aliyoisahau jana. Ilikuwa tupu alipoiacha; sasa ilikuwa imejaa. Mvua haikunyesha. Alitia kidole, akaonja, akainua macho. Kwenye kila uzi wa neti matone yalikuwa yamejipanga kama shanga, yakikutana, yakinenepa, yakidondoka. Alisimama pale mpaka shingo ikamuuma.

Tangu azaliwe alikuwa akiulaani ukungu huu kwa kuzuia nguo zisikauke. Kumbe muda wote ulikuwa umebeba maji, ukipita nayo milangoni, ukipita nayo juu ya vichwa vya wasichana wa shule iliyo juu mgongoni mwa mlima waliokuwa wakishuka na madumu hadi chemchemi ya korongoni, kwenye njia ya nyati.

Siku hiyohiyo alimwendea mkuu wa shule, Mwalimu Modest.

"Mwalimu, naomba goli moja la uwanjani."

"Goli? Unalipeleka wapi?"

"Libaki palepale. Nataka kudaka ukungu."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamtazama vizuri, akaona hatanii. "Haya, dada kipa. Tanki letu ni kavu tangu mvua ziishe. Ukilijaza kabla msimu wa ukungu haujaisha, wasichana wangu hawashuki tena korongoni. Usipolijaza, unarudisha goli, na wewe mwenyewe unawaeleza watoto kwa nini hawakucheza mpira."

Eva alianza na wavu wa zamani wa goli. Sylvesta, dereva wa trekta, alisimamisha trekta lake barabarani makusudi.

"Eva! Ukungu bao, wewe sifuri! Kwa matundu hayo hata nyati anapita na ndama wake!"

Asubuhi, ndani ya pipa aliloliweka chini ya wavu kulikuwa na mbawakawa mmoja, bila tone la maji. Basi akaomba neti chakavu za kitaluni, akazishona na mama yake zikawa za tabaka mbili, akafunga chini yake gata ya bati, mfereji wa kukusanya maji. Asubuhi gata ilikuwa na maji ya kulowesha kidole. Asubuhi iliyofuata, hivyohivyo.

"Hata ukungu unanifunga, mama," alisema, akiondoka mezani bila kula.

Alfajiri alipanda peke yake hadi uwanjani, akakaa kwenye nyasi na kuutazama ukungu kama alivyokuwa akiwatazama washambuliaji: kabla hawajapiga, wanatokea wapi? Ulitokea kwenye mwanya wa msitu, ukakata kona ya uwanja kimshazari, ukateleza kando ya neti bila hata kuitikisa. Goli lilikuwa limelikabili goli lenzake, kama magoli yote. Eva alicheka kwa sauti. Miaka yote ya ukipa, kisha amempa mpigaji ubavu!

Waliing'oa mirunda, zile nguzo za goli, yeye na Leonida, wakaisimika upya kuukabili mwanya.

Kesho yake ukungu ulikuja kwa utulivu, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Neti nyeusi ikawa ya kijivu, kisha nyeupe. Halafu gata ikaanza kulia: tone, tone, kisha uzi mmoja mwembamba wa maji usiokatika. Leonida alivua kitambaa kichwani. "Ee Looa," alinong'ona, jina la Mungu alilolitumia bibi yake, kisha akafanya ishara ya msalaba. Sylvesta alizima trekta. Akakinga kiganja, akanywa, akatazama juu palipokuwa na weupe mtupu.

"Mvua iko wapi?"

"Hakuna mvua."

"Basi haya..." Alikinga tena.

Eva aliyatazama maji yale, na kwa mara ya kwanza tangu ajali alisahau kukitazama kiganja chake.

Sasa ni mwisho wa Agosti. Glovu hazipo tena nyuma ya mlango. Anazivaa alfajiri, anapokaza nyaya kwenye baridi. Gata sasa inamwaga maji kwenye tanki la shule. Mwalimu amelifunga bomba la kuchotea kwa kufuli mpaka tanki lijae, na maji yamebakiza shubiri moja kufikia bomba la juu la kutolea maji yanayozidi. Anga limeanza kutakata mapema kila siku. Kila mtu anajua ukungu unakaribia kuaga. Wanafunzi wameambiwa kesho waje na vikombe, na Sylvesta ameapa atakuwa wa kwanza kwenye foleni, watoto wapende wasipende.

Jioni hii Eva amesimama kando ya tanki, magoti yamekunjwa kidogo. Kule kwenye mwanya wa msitu, mti wa kwanza umefifia, kisha wa pili. Anakaza glovu.

"Njoo," anauambia ukungu. "Piga."