Gari la Umeme na Kamba ya Mkuu

Siku gari la umeme lilipoletwa kituoni kwetu Dodoma, mkuu wa kituo aliagiza kamba. Sitanii. Askari wote tumesimama uwanjani tunalishangaa, jeupe, halina hata bomba la moshi, na yeye anamtuma mtunza stoo alete kamba nene ya kuvutia magari mabovu. Akaitupa nyuma ya pikapu yetu ya dizeli, kisha akanigeukia. "Si wewe uliyeling'ang'ania? Haya. Hili ni la majaribio. Siku litakayorudi hapa linavutwa na kamba hii, nalirudisha lilikotoka, na wewe unarudi kaunta."

Kaunta nilikuwa nimekaa vya kutosha. Nimeandika taarifa za simu zilizoibwa mpaka vidole vikaota sugu, huku leseni yangu imelala kwenye pochi, maana kila nilipoomba usukani niliambiwa madereva wapo. Baba yangu aliendesha lori huko kwetu Kondoa, na mimi nilijua gia kabla sijajua kusonga ugali ukaiva. Kwa hiyo lilipotangazwa gari ambalo wenzangu wote walilikimbia wakisema litawalaza porini, nilinyoosha mkono mkuu hajamaliza sentensi.

Na lilivyonikosha, jamani. Ukikanyaga linaondoka hapo hapo, halikohoi, halitetemeki. Wiki ya kwanza tulikwenda doria Mkonze tukakuta vijana wawili wanapakia mbuzi wa watu kwenye guta. Pikapu yetu husikika tangu barabara kuu, mwizi anapata muda wa kunawa mikono na kukaa kama mgeni. Safari hii nilisimama nyuma yao kabisa, na mmoja akasema bila kugeuka, "Subiri kidogo bosi, tunakupisha." Nilicheka mpaka mwenzangu ndiye aliyewafunga pingu peke yake.

Kisha likaja la Kondoa. Kesi ya wizi wa ng'ombe ilikuwa inasikilizwa Dodoma, na shahidi tuliyemtegemea alikuwa bibi mmoja anayeishi kijiji cha mlimani, juu ya mji wa Kondoa. Bibi alishagoma kupanda gari la polisi. Mara ya kwanza pikapu ilimfuata ikinguruma, kijiji kizima kikatoka kuangalia, na ilipofika Ijumaa watu walikuwa wanasema bibi kakamatwa. Nikamwambia mkuu anitume mimi, langu halipigi kelele. Akakubali. "Kamba iko tayari," akasema, na dereva wa pikapu akacheka kuliko ilivyohitajika.

Nilifika Kondoa mchana, chaji imebaki chini ya nusu, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba, ambaye ana duka la vitenge. Nilikuwa nimepanga vizuri. Nachomeka gari kwake, nakula, nalo linakula, halafu tunapanda mlima tumeshiba wote. Nachomeka, kimya. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Mjomba, kwa huruma zake, akataka kuniwashia kijenereta chake cha petroli. Nikamwambia, mjomba, habari hiyo ikifika Dodoma heri nivutwe na kamba.

Bibi alikuwa ameshafunga mzigo wake ananisubiri. Kumwambia polisi wameahirisha tena ilikuwa ni kumpoteza kabisa. Nikapanda.

Mlima ule unakula chaji bila aibu. Namba kwenye dashibodi ilikuwa inashuka huku naiangalia, nimezima kiyoyozi ili kuokoa, jasho linanitiririka ndani ya sare. Nilipofika kijijini, wanaume waliokuwa wanacheza bao hawakuinua hata kichwa. Bibi akatoka, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anachungulia huku na huku. Hakuna jirani aliyetokeza. Alikaa kiti cha mbele anatabasamu peke yake. Mimi nilikuwa naangalia kumi na moja. Asilimia kumi na moja, na Kondoa iko mbali huko chini.

Sasa, mtoto wa dereva wa milima ile anajua jambo moja, kwamba mteremko ni wa bure. Baba na wenzake wakifika kileleni walitoa gia, kutia fri tunavyosema, lori likateremka lenyewe na mafuta hayaguswi. Ni hatari, sisi askari tunawakamata kwa hilo, na bado wanafanya. Nami, na sare yangu mwilini, nikatia fri.

Gari likashika kasi. Kona ya kwanza, ya pili, namba imeganda pale pale. Tukafika pahali tambarare nikalazimika kukanyaga, ikawa kumi. Mteremko ulipoanza tena nikatia fri kwa hasira zaidi. Bibi akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu, mimi nakwenda mahakamani, siendi ahera. Punguza."

"Bibi, naokoa chaji."

"Niokoe mimi kwanza."

Nikarudisha gia nimenuna kweli kweli, nikaondoa mguu kabisa ili tujikokote anavyotaka. Gari likajizuia lenyewe, kama mtu kalishika nyuma. Nikajisemea basi, kaunta hiyo, kalamu na simu zilizoibwa. Halafu namba ikawa kumi na moja.

Nilidhani macho yamechoka. Tukakata kona, kumi na mbili. Nikasimamisha gari kando, nikalitazama, nikaondoka tena taratibu. Kumi na tatu. Kumbe likiwa kwenye gia, kila linapojizuia mteremkoni magurudumu yanazungusha mota na umeme unarudi kwenye betri. Siku ya mafunzo walituambia, nami nikapitiwa, maana nani wa kunifundisha mimi kushuka mlima? Nilimweleza bibi, naye akaanza kunisomea namba kwa sauti, akipiga paja kila ikiongezeka. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga, nikawa naombea kona zisiishe.

Tuliingia Kondoa na kumi na tano, na taa za madukani zilikuwa zinawaka. Tulilala kwa mjomba, gari likanywa umeme usiku kucha, na baada ya sala ya alfajiri tukaondoka.

Mkuu alikuwa amesimama getini. Alichungulia kwanza mbele ya gari kuona nani anatuvuta, ndipo akasalimia. "Shikamoo bibi. Gari halikuwasumbua?"

"Marahaba. Kupanda lilichoka, kushuka likashiba," bibi akasema. "Ila huyu dereva wenu mwambieni apunguze mwendo."

Alitoa ushahidi wake asubuhi ile ile bila kutetereka. Nilipotaka kurudisha funguo, mkuu alisema kaa nazo, kesho umrudishe bibi kwake. Jioni nikampigia baba kumsimulia. Akauliza kama na malori yatatengenezwa hivyo.

Kamba bado ipo. Tumeifunga nyuma ya kituo, tunaanikia sare. Yangu huwa naianika katikati, mbele ya dirisha la mkuu.