Shada la Shosho

Naomba mnicheke nikimaliza, si kabla. Shosho, bibi yangu wa Kibugu, alikuwa akilalamika kwamba hakuna anayemtembelea, nami nilipopata kazi nikaamua kumtumia maua ya siku yake ya kuzaliwa. Niliwaza mno. Maua ya kushikwa mkononi yangepondeka kwenye bodaboda, kwa hiyo nikachagua yaliyosukwa kwa duara, dereva ayavae begani. Nilijiona mhandisi.

Sikuwaza kabisa wachuma chai wa kando ya barabara wangefikiri nini wakiona shada la maua likielekea kwa mama mzee.

Nilipofika na keki, boma lilikuwa limejaa. Vikapu vya chai vilikuwa vimeachwa langoni, viti vya kanisa vinashushwa, na Shosho ameketi katikati, shada shingoni, akimsikiliza jirani aliyekuja akilia.

"Endelea, Mama Njeru," alisema. "Ulikuwa umefikia kusifu ukarimu wangu."

Kisha akaniona, akaninyooshea mkongojo.

"Aliyeniua ni huyu!"

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilitamani kujificha nyuma ya keki.

"Mpeni kiti hapa karibu nami," Shosho akasema. "Hao wajukuu wengine hawajawahi kunijazia boma hivi."