Mto Haumo Kwenye Jumla

Faili yangu ya damu ina jumla mbili, na kila anayeifungua huniuliza kwa nini. Nimechoka kueleza. Zamani nilijibu kwa upole. Siku hizi nasema tu, "Iache hivyo," na kuendelea na kazi.

Kazi yenyewe haina makuu. Kliniki kadhaa za Kisangani zimeungana ili ziazimane mifuko ya damu, na mimi ndiye ninayetakiwa kujua nani ana nini kwenye friji yake. Kila kliniki ina ukurasa wake kwenye kompyuta, na kurasa zote zimepangwa namna moja: damu ya O hasi ikikaa kwenye kisanduku fulani hapa, ikae kwenye kisanduku hichohicho kila mahali. Kuwafundisha watu wasijiongezee mistari kulinizeesha. Kuna muuguzi mmoja aliyeingiza mstari wa chupa za serumu hapo juu, "sababu iko muhimu", na mpaka nigundue, tulikuwa tunahesabu maji ya chumvi kama damu.

Mbele ya kurasa zote niliweka ukurasa wa jumla. Fomula yake ni fupi. Unaiambia mashine: toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nijumlishie kisanduku hiki. Inazitoboa kurasa zote mara moja kama nyama kwenye kijiti. Siku ilipokubali nilijiambia haba na haba hujaza kibaba, nikafumba macho yangu yaliyokuwa yanawasha.

Ila mimi nakaa Lubunga, ng'ambo ya mto, ukingo wa kushoto. Kila asubuhi navuka kwa mtumbwi kuja ofisini, na jioni narudi hivyohivyo, miguu imelowa. Kwa hiyo mwanzoni nilitengeneza jumla mbili, ya ukingo wa kulia na ya ukingo wa kushoto. Shefu, bosi wangu, alipoziona alikunja uso.

"Mama, toa hizi mbili. Wakubwa wanapenda kuona chiffre moja, namba moja tu. Kisangani iko muji moja."

"Shefu, mto iko katikati."

"Bon, lakini mto haiko kwenye tableau, kwenye hii jedwali," akasema, akacheka. Nikazifuta, shingo upande.

Baadaye friji ya kliniki ya Lubunga ikafa. Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo mpaka mota ikachoka, kama sisi sote. Mifuko ikaletwa ukingo wa kulia, kwenye kliniki iliyo pamoja na ofisi yetu, ndani ya sanduku la barafu isije ikaharibika. Kwenye ukurasa wa Lubunga nikaandika sifuri, kwenye ukurasa wa kliniki hiyo nikaongeza. Jumla haikutikisika hata kidogo. Kwenye mkutano nilisema wazi kwamba ng'ambo hakuna damu. Shefu akautazama ukurasa wa mbele, akatulia.

"Lakini damu iko, mama. Wakihitaji, watapiga telefone."

Asiyekuwepo na lake halipo. Wa Lubunga hawakufika siku hiyo kwa sababu ya mvua, na hakuna mwingine aliyetaka kuliongelea jambo la friji.

Niliogopa, tena kwa sababu yangu mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa mjamzito, anakaa Lubunga mtaa wa pili kutoka wangu, na uzazi wake wa kwanza ulimtoa damu nyingi nusura afe. Damu yake ni O hasi, ile ya kutafuta kwa tochi. Nilimsihi aje kujifungulia upande wa kulia.

"Nikivuka, nani atalinda mihogo yangu?" akasema. Halafu akanitania, kama kawaida yake, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, kwenye mashine yako, mimi niko wapi?"

Nilimwambia mifuko yake ipo, nimeiona kwa macho yangu. Ilikuwa kweli.

Siku mdogo wangu aliposhikwa na uchungu, muuguzi wa Lubunga alipiga simu mchana. Mtoto ametoka mzima, msichana, lakini mama anavuja na haikomi. Nilitia mifuko kwenye sanduku la barafu, nikapanda pikipiki mpaka bichi, ndivyo tunavyoita mahali pa kupandia mitumbwi. Upepo ulikuwa umefika kabla yangu. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu.

Yule mzee anayenivusha kila siku alikuwa amesimama karibu na mtumbwi wake.

"Papa, univushe. Ni mudogo wangu."

"Mama, leo siwezi. Maji iko mubaya. Tutakufa sisi na hiyo damu yako."

Hakusema kwa ukali. Alivua koti lake la plastiki, akalifunika sanduku, si mimi, akakaa nami chini kwenye matope. Mvua ikaja. Lubunga ikafutika kabisa, nikawa natazama ukuta wa maji, na jumla ile nzuri ya O hasi imo mapajani mwangu, nzima, haijapungua hata mfuko. Muuguzi alipiga tena kuuliza niko wapi. Nikamwambia niko bichi. Hakupiga mara nyingine.

Mvua ilipokata, mzee alinivusha bila kunitaja nauli. Nje ya kliniki wanawake walikuwa tayari wamekaa chini, khanga vichwani. Muuguzi alilipokea sanduku kwa mikono miwili akaliweka mezani, na tukaliacha pale. Hakuna aliyelikumbuka tena mpaka barafu ikawa maji.

Baada ya matanga nilirudi kazini, kwa sababu mtoto anakunywa maziwa ya kopo na kopo halijinunui. Shefu alikuja mezani kwangu, macho mekundu. Nadhani aliumia.

"Mama, nimeangalia fomula yako, ukurasa kwa ukurasa. Haukukosa. Jumla ilikuwa juste, sawasawa."

Alitaka kunifariji. Siku hiyo nilimchukia. Sasa hata chuki imenichosha.

Mkutano uliofuata alikuja mkubwa mmoja kutoka mbali, mtu mwenye adabu, asiyenijua. Ukurasa wa mbele ulionyeshwa ukutani. Ile mifuko niliyoivusha ilikuwa imepata joto, haikufaa tena, nami nilikuwa nimeiondoa kwenye hesabu. Friji ya Lubunga ilipokufa, namba ile haikusogea. Mdogo wangu alipokufa, haikusogea. Sasa ilikuwa imeshuka. Mkubwa akaweka kidole juu yake.

"Hapa O hasi imepungua," akasema. "Nini ilitokea?"

Shefu aliinamisha kichwa.

"Ilivuka mto," nikamwambia.

Akaandika jibu langu, akaendelea na kundi A. Mimi nikavuta kompyuta yangu, nikarudisha ile mistari yangu miwili ya jumla palepale mezani, shefu akinitazama. Wa kulia ukaleta namba yake. Wa kushoto ukaleta sifuri.