Nyongeza ya Nyanya

Juzi, kwenye supamaketi moja ya Mchafukoge, mama mmoja alipimiwa nyanya, mfuko ukabandikwa bei. Hakuondoka. Aliutanua mdomo wa mfuko, akamsogezea dada wa kaunta.

"Nyongeza, mwanangu."

"Mama, hapa hatuongezi. Mashine ndiyo inapima."

"Haya, kesho mashine ndiyo itakuja kununua."

Foleni nzima tukacheka. Mama akaziacha nyanya palepale, akatoka mikono mitupu, kichwa juu. Mimi nilibaki nikipigwa na kiyoyozi cha dukani, nikimwona mshamba.

Jioni nikapita genge la mboga la uchochoro wa nyuma. Nikamkuta dada yuleyule wa kaunta, bado na sare yake, ametanua mfuko mbele ya muuza nyanya.

"Niongeze basi, shoga. Au mimi si mteja wako?"

Aliponiona akaangua kicheko. Nami nikatanua mfuko wangu.