Ukuni Uliosoma Kunipita

Nyinyi mliozaliwa wakati mashamba ya Soy yalikuwa bado ya wazungu na baba zetu vibarua humo, mnajua ninachosema nikisema tulikua bila kitu na hatukujua kwamba hatuna. Hawa wa siku hizi simu ikizima nusu siku wanasema wanateseka. Sisi tulitafuna ngano. Mashine ikishapita shambani tulifuata nyuma kuokota masuke yaliyobaki, tukayasugua kwa viganja, tukapuliza makapi, halafu tukatafuna na kutafuna mpaka punje zikageuka chingamu. Haikuwa na sukari. Ukichoka uliibandika kwa ukuta wa nyumba uendelee nayo kesho, na ndugu yako akiibandua, hiyo ilikuwa vita.

Asubuhi ya Soy ilikuwa na umande wa kukata vidole. Viatu hatukuwa navyo. Tukikuta ng'ombe amejisaidia sasa hivi, tulisimama ndani ya yale mavi tupashe nyayo moto, halafu tukaendelea na safari ya shule. Msicheke. Mliokuwa huko mlisimama pia.

Shule yenyewe ilikuwa ya kanisa, chumba kimoja kirefu cha udongo. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hivyo msitafute hapa Kiswahili cha redio. Kila Ijumaa kila mtoto alileta mkebe wa mavi ya ng'ombe ya kupaka sakafu. Asiyeleta alichapwa, na hakukuwa na maneno mengi.

Sasa kulikuwa na msichana mmoja, Tabitha. Mama yake alikufa, baba alienda kutafuta kazi ya reli na hakurudi. Hakuwa na nyumba, sembuse ng'ombe. Ijumaa ya kwanza alikuja na mkebe mtupu akapanga foleni kama wengine. Sisi watoto hatukukaa mkutano. Aliye mbele yake alichota kidogo akamtilia, aliye nyuma akachota akamtilia, mpaka mkebe ukajaa. Mwalimu wetu, mtu mfupi wa kaptura, mkali kama pilipili, alichungulia ndani. Mengine yalikuwa meusi, mengine ya kijani, mengine makavu yenye majani ya ngano. Akasema, "Tabitha, ng'ombe wako anakula kila mahali." Akampisha. Hakumchapa siku hiyo wala nyingine.

Baada ya hapo ikawa desturi. Ijumaa, tukiwa tumesimama nje tukingoja sakafu ikauke, mwalimu aliuliza, "Tabitha wiki hii ni wa nani?" Aliuliza vile vile alivyouliza zamu ya kupiga kengele ni ya nani. Mtoto mmoja aliinua mkono akasema, "Wa kwetu, mwalimu." Basi. Tabitha alienda huko akala, akalala, akachunga ndama, akagombezwa kama watoto wa hapo. Kwetu alikuja mara nyingi. Mama hakumpendelea hata kidogo, alimpa ugali wa wimbi na mursik, maziwa ya kibuyu, kama sisi, na tukilalamika maziwa ni kidogo alisema, "Tumbo la mtoto halina ukoo, lina njaa tu." Halafu alitutuma kuni sisi wote.

Hayo yalipita. Niliolewa, nikazaa, nikazika mzee wangu, nikahamia huku upande wa Pioneer na ng'ombe wangu mmoja, nikapata kazi ya kupika githeri, mahindi na maharagwe, kwa shule ya msingi.

Ya vita vya baada ya kura siyasimulii. Mlikuwako. Mliona moshi, na mliona ni nyumba za nani. Mimi nitasema tu ya jikoni.

Shule ilipofunguliwa, madawati mengine yalikuwa matupu na mengine yalikaliwa na watoto wa kambini, wale waliochomewa nyumba. Sheria ya jikoni ilikuwa moja toka zamani: kila mtoto alete ukuni mmoja asubuhi, ampe mpishi mlangoni, ndipo ale mchana. Wa kambini mwalimu mkuu aliwasamehe. Lakini baadaye kambi ilivunjwa, watu wakapakiwa kwa malori wakapelekwa kwingine, na msamaha ukaisha kwa sababu waliosamehewa hawakuwako tena. Ndivyo tulivyodhani.

Mercy alikuwa wa darasa la nane, mrefu, mkimya, nguo safi lakini haijapigwa pasi. Alisema kambi ilipovunjwa alichukuliwa na aunty yake wa Kimumu. Kabila lake sitalitaja, na anayelitafuta atafute kwingine. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwangu na ukuni wake: kipande cha mbao chenye rangi ya bluu, kimeungua ncha moja, kina tundu la msumari.

Mbao ya rangi mimi sipikii. Rangi inanuka ndani ya chakula. Kwa hivyo nilikuwa nakitupa nyuma ya stoo, nachoma kuni nyingine kwanza. Kesho yake Mercy huyo, na kipande cha bluu. Nilifikiri labda aunty amebomoa mlango mzima, analeta kipande kipande. Lakini tundu la msumari lilikuwa pale pale, na ncha imeungua pale pale. Siku moja nikaenda nyuma ya stoo kuangalia rundo langu la bluu. Hakukuwa na rundo. Kulikuwa na kipande kimoja tu.

Sikusema kitu mbele ya watoto. Nilingoja wamemaliza kula, nikamwita anisaidie kusugua sufuria.

"Mercy, huu ukuni uko darasa la ngapi?"

Akaniangalia.

"Nauliza kwa sababu mimi niliachia la tatu, na huu haukosi shule hata siku moja. Umesoma kunipita."

Hakucheka. Akaendelea kusugua.

"Huyo aunty wa Kimumu anaitwa nani?"

Akamwaga maji ya sufuria, akachota mengine.

"Unalala wapi?"

Alinyoosha kidevu kuelekea stoo ya kuni. Nilienda nikaona. Nyuma ya magogo kulikuwa na gunia limekunjwa vizuri, na vitabu vimepangwa juu ya jiwe visipate unyevu. Mtoto alikuwa analala shuleni, anaamka kabla ya soja kufungua geti, anauchukua ule ukuni, anazunguka ua, halafu anaingia na wengine kama mtu aliyetoka kwao.

"Kwa nini hukupanda lori na wale wengine?"

"Mama anajua hii shule, Kogo." Kogo ni nyanya kwetu, watoto wote waliniita hivyo. "Tulipoteana tukikimbia. Akirudi atanitafuta hapa. Nikipelekwa mbali, atauliza nani?"

Nilimwambia amalize sufuria, achukue vitabu vyake, twende. Ule ukuni wa bluu akauliza kama anaweza kuubeba. Nikamwambia ni mbao tu, abebe.

Nyumbani sikumbembeleza. Nilimwonyesha mahali pa kulala, ndoo ya maji na ng'ombe. Alikuwa hajui kukamua. Ng'ombe alimpiga teke, nikamwambia ng'ombe pia anataka kujulishwa. Jirani yangu Mama Achieng, mtu wa kutoka Ziwa, mwenye mdomo na moyo vyote vikubwa, alimwona na hakuuliza. Jumamosi akasema, "Huyu umemjaza maziwa tu, mifupa yake itaogelea. Wikendi anakula samaki kwangu." Ikawa hivyo.

Taabu ilitoka kwa mkutano wa wazazi. Habari ilikuja kwamba watoto wote wasio na wazazi wakusanywe, wapelekwe kwa makao ya watoto yaliyo mbali sana, na lori lingekuja kabla ya muhula kuisha. Yaani kabla ya mtihani wa darasa la nane. Ikajulikana kwamba Mercy hakuwa peke yake. Walikuwako wengine kadhaa waliojificha vile vile, kwa vibanda vya soko, kwa vyoo vya zamani, kwa watu wasiowajua. Mzazi mmoja mwenye duka la mbolea alisimama.

"Watoto wetu wanabeba kuni, hawa wanakula tu. Serikali imewatafutia mahali. Waende."

Wengine wakanung'unika kukubali. Mwalimu mkuu alikuwa mama kijana, si mbaya, lakini amechoka. Aliangalia karatasi yake akauliza, "Huyu Mercy, kwa mfano. Mercy ni wa nani?"

Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi, nimekuja kusikiliza tu. Hilo swali nililijua. Mdomo ulijibu kabla yangu, kama nimesimama tena kwa baridi ya Soy nikingoja sakafu ikauke.

"Wa kwetu, mwalimu."

Wa mbolea akageuka. "Mama, wewe ni mpishi. Na huyo si mtoto wa watu wako."

"Kila mkutano unakula githeri yangu na unaongeza," nikamwambia. "Uliwahi kuuliza maharagwe ni ya watu gani?"

Watu wakacheka. Mama Achieng akasimama nyuma, na akisimama huyo kila mtu anajua. "Na wikendi ni wangu! Nataka ijulikane hivyo, samaki wangu wasije wakapotea bure."

"Kwa hivyo mtoto mmoja ana mama wawili?" wa mbolea akauliza.

"Na wa tatu yuko njiani," nikasema. "Huyo ndiye tunamngojea. Mkimpakia kwa lori leo, mama yake akija mtamwambia nini? Wewe utamwambia?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu akasoma jina la pili. "Na huyu ni wa nani?" Wazazi wakatazama viatu vyao. Nikafikiri tumeshindwa. Kisha mwanamke mmoja wa kuuza viazi akainua mkono nusu, kama mtoto asiye na uhakika wa jibu, akasema, "Wa kwangu, kwa sasa." La tatu lilipata mtu upesi zaidi. Msichana wa mwisho alikosa kabisa, na huyo alichukuliwa na yule yule wa mbolea, akilalamika. Mwaka mzima alikuwa ananiambia huyo mtoto anamaliza chai. Lakini alimnunulia viatu, niliviona.

Lori lilikuja, likageuka, likaenda tupu. Mercy alifanya mtihani. Sijui hesabu za alama, lakini hakuona aibu nazo.

Mama yake alikuja shule zikiwa zimefungwa, mvua inanyesha. Nilikuwa nafagia jikoni. Soja alikuja akasema kuna mtu kwa geti anauliza mtoto wa darasa la nane. Alikuwa mwanamke mwembamba, ameshika viatu mkononi. Alikuwa amezunguka sana, akasema, na kila mahali aliambiwa aende kwingine, mpaka akaamua aende tu mahali anapojua. Nilimkalisha karibu na jiko nikampa githeri, nikamtuma soja akamwite Mercy nyumbani kwangu. Hatukuongea mengi. Walipokutana mimi nilitoka nje. Hayo ni yao.

Baadaye walipita kwangu kuchukua vitu. Ule ukuni wa bluu ulikuwa juu ya dirisha. Mama yake akasimama akautazama, akagusa tundu la msumari. "Hii ni dirisha yetu," akasema. Mercy akaangalia chini. Kumbe alikuwa amerudi kwao kutafuta, na hicho ndicho kilichobaki cha kubebeka.

Wakaenda kwa ndugu zao, mbali. Sikulia. Ng'ombe alitaka kukamuliwa.

Sasa Mercy ni mtu mzima, alirudi huku, anashona nguo huko Kimumu, ana mtoto wake ambaye akija kwangu anauliza kwanza kama kuna chaji. Mwaka jana aliniletea jiko la gesi. Nikamwambia asante, nikalifunika kitambaa. Akacheka akasema, "Kogo, wewe utakufa na moshi wako."

Hata shule siku hizi wanapikia gesi. Jikoni ni safi, sufuria hazina masizi, mpishi amevaa kofia nyeupe kama daktari. Kuna mwalimu wa ushauri nasaha mwenye ofisi na kiti laini cha mtoto mwenye shida. Ni vizuri, sikatai. Sisi tulichapwa kwa kukosa mavi ya ng'ombe. Hakuna anayetaka kurudisha hiyo. Lakini kile kiti hakiendi na mtoto nyumbani jioni. Na kumkalisha hapo lazima kwanza umjue. Enzi zetu mkebe mtupu ulionekana na foleni nzima. Ukuni wa uongo niliushika kwa mkono wangu. Sasa watoto wanaingia mikono mitupu wote, nguo ni moja, mifuko ni moja, na huwezi kusema ni yupi ametoka kwa moto na ni yupi ametoka kwa baridi.

Mimi sina kazi tena pale. Lakini asubuhi nikitoka kupeleka maziwa nasimama kando ya geti kidogo, naangalia wanavyoingia. Nawaangalia nguo kama zina mikunjo ya kulaliwa. Namwangalia anayefika wa kwanza kila siku. Soja wa sasa ni kijana, hanijui. Jana akaniuliza, "Shosho, kwani unatafuta nani?"

Nikamwambia bado sijamjua.